Wazungu Watatu na Presha ya Mama

Tulipoambiwa kwamba tutaletewa wanafunzi wa uuguzi kutoka Skotilandi, daktari wetu aliagiza mawe ya njiani yapakwe chokaa. Hakuagiza glavu. Hakuagiza bomba la maji lirekebishwe, na lilikuwa limepasuka tangu mvua zianze. Mawe. Yakapakwa yakawa meupe pe, na asubuhi ya siku yenyewe ng'ombe wa jirani akapita, akaacha kinyesi juu ya jiwe la kwanza kabisa, lile la langoni. Mlinzi alikisukuma kwa jani la mgomba huku akicheka peke yake.

Kliniki yetu iko nje ya Kitale, upande wa kwenda Endebess, na mahindi yameizunguka hadi madirishani. Tulikuwa wauguzi wawili, lakini mwenzangu alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, kwa hiyo kazi ya kuwalea wageni ikaniangukia mimi. Daktari, ambaye kwa kweli ni afisa wa kliniki lakini ukimwita hivyo haitiki, alisema nimechaguliwa kwa sababu ya Kiingereza changu kizuri.

Hicho Kiingereza kizuri hakikunifikisha mbali. Gari lilisimama, wakashuka wasichana watatu, na aliyetangulia, mrefu kama mlingoti wa bendera, nywele rangi ya karoti, akanipa mkono na kusema maneno mengi. Sikushika hata moja. Nikafikiri ananisalimia kwa lugha ya mama yake. Nikamwambia kwa adabu kwamba samahani, mimi najua Kiingereza tu.

"Hiki ndicho Kiingereza," akasema polepole, bila kukasirika.

Naye hakuwa akinisikia vizuri zaidi. Mimi ni mtu wa Bungoma, na kwetu herufi za L na R zilibadilishana nyumba zamani sana, hakuna aliyezirudisha. Nilipowatangazia kwamba mchana tutakula wali, walitazamana kwa hofu. Baadaye sana ndipo yule mrefu alipoungama kwamba "rice" yangu ilitoka "lice", na walichosikia ni chawa. Walikuwa wameamua kula hivyo hivyo, wasituvunje moyo.

Wale wengine wawili hawakuwa na undugu wowote, lakini wagonjwa walikataa kuwatofautisha. Wakawaita mapacha, na wakabaki mapacha hadi walipoondoka. Mapacha walikuja na sanduku zima la stika zenye picha za mijusi mikubwa ya kale. Zilikuwa za watoto: ukichomwa sindano bila kumpiga muuguzi teke, unabandikiwa mjusi. Zilifanya kazi vizuri mpaka alipokuja mzee mmoja wa Moi's Bridge, mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa amekanyaga msumari. Nilimchoma sindano ya pepopunda, akavaa koti lake, akabaki amekaa.

"Nini tena, mzee?"

"Sijapewa ile kitu."

"Ile ni ya watoto."

"Kwani sindano ya watoto ndiyo inauma, yangu ilikuwa ya kubembelezwa?"

Pacha mmoja akambandikia mjusi wa kijani kifuani, na mzee akatoka amejitanua kama mtu aliyepewa nishani Ikulu. Basi. Wanaume wazima wakaanza kudai mijusi. Siku ya soko ungeona watu wenye mashamba na wake na madeni wakipatana bei ya magunia, kila mmoja na mjusi wake kifuani.

Laini nayo ikarefuka. Watu wasio na hata mafua walitembea kutoka mbali kuja kushikwa mkono na mzungu. Mwanamke mmoja alisema anaumwa "hapa na hapa na hapa", akionyesha mwili mzima, ila tu nisimguse mimi. Mwingine, bwana mmoja mwenye gambuti, alipanga laini asubuhi nzima, na zamu yake ilipofika akasema mgonjwa ni ng'ombe. Amekataa kushusha maziwa.

Nilitaka kumfukuza, lakini yule mrefu alikuwa ameshavuta kiti. Baba yake, kumbe, hufuga ng'ombe. Akaanza maswali, mimi nikitafsiri kwa midomo iliyokunjwa. Anakula nini? Analala wapi? Nani humkama? Zamani alikuwa akikamwa na mke wa bwana huyo, na sasa anakamwa na kijana wa kazi. Huyo kijana ana tabia gani? Bwana akafikiria.

"Ana mdomo. Anamtukana huyo ng'ombe tangu asubuhi."

Yule mrefu akasema kijana aambiwe anyamaze, na ng'ombe apewe muda. Wiki haikuisha kabla bwana hajarudi na kibuyu cha maziwa. Ng'ombe hapendi kelele, akatutangazia wote, kana kwamba yeye ndiye aliyegundua. Yule mrefu akanigeukia, akanitazama.

"Unanitazama nini?" nikamuuliza.

Ilimchukua hadi saa ya chai kusema. Tulikuwa tumekaa nyuma ya kliniki, tukichovya mandazi. Akasema ananiheshimu, anaona ninavyojua kazi, lakini kuna jambo haelewi. Kwa nini ninawapigia wagonjwa kelele?

"Siwapigii kelele. Hiyo ni sauti yangu ya upendo."

"Jana ulimwambia yule mama mjamzito kwamba kama hataki kuja kliniki akazalie kwenye mahindi."

"Na leo si amekuja?"

Akanikumbusha habari ya ng'ombe. Nikamwambia wagonjwa si ng'ombe, ng'ombe husikia. Alicheka mpaka chai ikampalia, lakini hakukubali, nami sikukubali. Tulibaki hivyo, kila mmoja na dini yake. Yeye alimbembeleza mgonjwa mmoja wakati mimi nimeshafukuza, nimeita, nimedunga na kuwasamehe watano.

Ndipo tukapata mwaliko wa Bungoma. Kanisa la nyumbani kwetu, karibu na Kanduyi, lilikuwa likiandaa siku ya afya, na mwenyekiti wa akina mama aliomba tupeleke wageni wetu. Mwenyekiti wa akina mama ni mama yangu mzazi. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na hukaa kiti cha mbele kabisa kanisani, upande wa kulia, ambapo mchungaji hawezi kukosa kumwona na yeye hawezi kukosa kumwona mchungaji. Ana presha. Dawa zake nilikuwa nampelekea mimi mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na kila mwezi nilimuuliza, "Mama, unakunywa dawa?" Naye akajibu, "Nakunywa," kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia kumwambia mkaguzi wa shule kwamba watoto wote wana vitabu.

Tulienda kwa gari la kliniki, daktari akiendesha, amevaa tai. Kuanzia Kamukuywa hadi Webuye tulifuata trekta la miwa lililokuwa likidondosha miwa njiani, na kila uliodondoka ulipata mwenyewe kabla haujatulia. Tulipofika, tulikuta hema, viti vya plastiki, vipaza sauti, na Mama amesimama langoni na leso ya chama chake kiunoni.

Kwa Kibukusu nyanya ni kukhu. Nilikuwa nimewafundisha wageni njia nzima. Wageni wote hushindwa na sauti hiyo ya kooni, husema kuku, na kina nyanya hulazimika kutabasamu huku wameitwa jogoo wa kike. Mapacha walisema kuku. Yule mrefu akainama, akashika mkono wa Mama kwa mikono yake miwili, akasema "kukhu" kama aliyezaliwa Chwele. Baadaye alinieleza kwamba kwao neno la ziwa, loch, huishia kwa sauti hiyo hiyo, wanaitamka tangu utotoni. Mama hakuhitaji maelezo. Alimshika mkono na hakuuachia mpaka ndani ya hema. Hata kile Kiingereza chake alikisikia vizuri. Alisema kinafanana na cha mmisionari aliyemfundisha akiwa msichana.

Tulipoanza kupima presha, mimi nilikuwa na meza yangu na yule mrefu yake. Laini yangu ilikuwa fupi, yake ilizunguka hema. Nikamwona Mama amesimama kwenye ile ndefu.

"Mama, kuja hapa."

"Wewe nakuona kila mwezi."

Zamu yake ikafika. Wakaingia nyuma ya pazia tulilotengeneza kwa leso mbili. Wakakaa. Watu watatu walipita kwangu, wakafunga vifungo, wakaenda zao, na wale bado wako ndani. Nikasikia Mama akicheka, halafu kimya, halafu sauti yake ya chini, ile ya siri za chama. Walipotoka, Mama alikuwa ametulia kama maji mtungini. Uso wa yule mrefu ulikuwa mwekundu kupita nywele zake.

"Presha ya mama ni ngapi?" nikamuuliza.

"Siwezi kukuambia."

Nikadhani ni yale mambo yetu ya L na R. Nikarudia.

"Nimekusikia," akasema. "Ni siri ya mgonjwa. Ameomba nisikuambie."

"Mimi ni mtoto wake!"

"Najua."

"Mimi ni msimamizi wako!"

"Najua. Na yeye ni mgonjwa wangu."

Nilimwendea Mama, aliyekuwa amekaa kivulini akimenya chungwa. "Muulize daktari wangu," akanijibu. Daktari wangu! Msichana ambaye hata cheti hajapata! Nikamwendea daktari halisi, yule wa tai, nikamweleza. Mtu huyu, ambaye kwetu husoma majibu ya vipimo kupitia dirishani ili wa nyuma nao wasikie, alivuta tai yake, akawatazama wageni, akasema, "Sista, sheria ni sheria. Siri ya mgonjwa ni takatifu."

Hapo nikapandisha sauti. Sikumbuki nilisema nini, na watu wa Kanduyi waliokumbuka wamekuwa na wema wa kutonirudia. Ninachokumbuka ni mchungaji akishika kipaza sauti na kusema, "Tunaomba utulivu upande wa presha."

Yule mrefu hakurudi nyuma. "Nimemwomba akuambie mwenyewe," akasema. "Amekubali. Leo, nyumbani. Ila ana sharti."

"Sharti gani?"

"Usipige kelele."

Mvua ilikatiza siku ya afya mchana, kama kawaida ya mvua ya kwetu isiyo na adabu, na sote tukakimbilia nyumbani kwa Mama. Chakula kilikuwa tayari: ugali, mboga za kienyeji, na kuku aliyechinjwa kwa ajili ya wageni. Kwetu firigisi ni ya mwanamume, na daktari alikuwa ameshaikodolea macho tangu sufuria ifunuliwe. Mama akaichota, akaipitisha mbele ya pua yake, akaiweka kwenye sahani ya yule mrefu. Daktari alikula kimya tangu hapo.

Baada ya kula Mama akaniita chumbani. Alikaa kitandani, mimi kwenye stuli, na yule mrefu katikati yetu kama mshenga.

"Hizo dawa za plesha," Mama akaanza, "sinywi."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Hii iliyopita?"

"Hapana, ile ingine."

Nikafungua mdomo. Yule mrefu akainua kidole. Nikaufunga.

"Zinaenda wapi, Mama?"

"Chooni."

Kumbe mimi nilikuwa natibu choo. Zaidi ya mwaka mzima nimesafiri kutoka Kitale na dawa mkobani, na kitu pekee chenye presha nzuri kwenye boma lile kilikuwa ni choo.

"Lakini kwa nini?"

Akavuta leso yake, akaikunja, akaikunjua. Halafu akatema yote. Dawa zile zilikuwa zikimpeleka haja ndogo kila mara. Nyumbani si neno. Lakini yeye hukaa kiti cha mbele. Siku moja askofu alikuja kuhubiri. Mama akatoka, akarudi, akatoka, akarudi, na alipoinuka tena askofu alinyamaza akamuuliza mbele ya kanisa zima kama ana neno la kushuhudia. Ikabidi ashuhudie. Alisimama pale kibofu kimejaa akisimulia wema wa Bwana. Tangu siku hiyo wanawake wakaanza kunong'ona. Wengine walisema mwenyekiti ana sukari. Mmoja, ambaye Mama alimtaja na mimi simtaji, alisema ana mimba.

"Kwa umri huu!" akasema Mama. Nikashuku kwamba hilo halikumuuma sana.

"Na huyu umemwambia, mimi hukuniambia?"

"Huyu atapanda ndege na siri yangu aende nayo kwao. Huko hakuna mtu wa chama chetu. Wewe ningekuambia, ungepiga kelele majirani wote wasikie."

"Mimi sipigi kelele!" nikasema.

"Kuna nini huko?" jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ua.

Mama akanitazama tu. Kisha akanyoosha mkono wake, akavuta mkono wa sweta juu. "Nipime basi, uone mwenyewe."

Nikamfunga kitambaa cha mashine, nikapiga pampu, nikaanza kuachia hewa huku nimeweka mirija masikioni. Sauti ilianza mapema mno. Ikaanza juu huko ambako haitakiwi kuanza. Nikapiga pampu upya nikidhani nimekosea. Ikaanza pale pale. Namba kama ile nimeshaiona kwa watu wengine. Kwa baadhi yao, habari iliyofuata ilikuwa ya matanga. Nilijua kila kitu cha kumwambia. Kazi yangu ni kuwaambia watu maneno hayo kutwa nzima. Nikatafuta hata neno moja, nikakosa. Mikono yangu ilikuwa imeshika ule mkono wake, mkono mwembamba wenye chaki isiyotoka hata baada ya kustaafu, au ndivyo nilivyoona, na machozi yakawa yanaanguka kwenye mashine ya kliniki.

Mama akasubiri kelele. Zikakawia. Akanichungulia usoni.

"Ngoja," akasema, akimgeukia yule mrefu kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Hii ni mbaya. Huyu hata hapigi kelele. Twende hosipitali."

Tukaenda. Lakini si kabla hajabadilisha nguo, akavaa gauni la Jumapili na viatu, akachukua mkoba, akamwagiza jirani wa ng'ambo ya ua afunge kuku. Alipanda gari la kliniki akakaa mbele. Daktari alifungua tai, akaendesha kwa heshima zote, akikwepa mashimo ya Bungoma kama anayebeba mayai, na nikamsamehe ile ya "siri takatifu". Mapacha walikaa nyuma wakiwa wamenishika mikono, mmoja huku, mmoja huku. Sikuwahi kujua majina ya vipenzi vyao wala ndoto zao, lakini najua walivyonishika.

Walimlaza siku kadhaa. Daktari wa wodini alimsikiliza habari ya askofu bila kucheka, jambo lililohitaji nguvu, akambadilishia dawa na kumweleza ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni, ili Jumapili aweze kukaa kitini kama Wakristo wengine. Mimi nililala kwenye kiti kando ya kitanda. Wageni walirudi Kitale na daktari, na kwa siku hizo kliniki ilikuwa mikononi mwao. Niliporudi nilikuta haijaungua. Yule mrefu alikuwa dirishani, amefunga leso kiunoni, akimwambia mzee mmoja kwa Kiswahili kilichovunjika kila kiungo, "Wewe! Dawa nakunywa ama nakunywa hapana?"

"Sauti yako imepanda," nikamwambia.

"Ya upendo," akajibu, akaona haya.

Nami, kusema kweli, nilianza kuuliza wagonjwa "kwa nini" kabla ya kuwafukuza. Inachosha. Watu wana sababu nyingi ajabu. Kuna siku huuliza, na kuna siku laini inafika barabarani, na hizo siku yule ng'ombe asingenipenda.

Wiki yao ya mwisho ilipofika, yule mrefu aliomba tupite Bungoma kumuaga Mama. Walikaa barazani wakizungumza kwa sauti ya chini, wasinishirikishe, na hata leo sijaambiwa. Alimwachia mashine ya kupimia presha, ile ya betri inayoonyesha namba yenyewe. Mama akampa jogoo. Tulimweleza kwamba jogoo hawezi kupanda ndege. Mama akasema basi na amle kabla ya kufika uwanjani, na ndivyo ilivyokuwa. Tulimla Kitale jioni hiyo, na safari hii firigisi alipewa daktari.

Mama yuko. Presha yake ni nzuri kwa mtu wa umri wake na ubishi wake. Shida ni mashine. Nilipoenda mwezi uliopita nilikuta viti vimepangwa barazani na wanawake wa chama wamekaa, kila mmoja anangoja zamu. Mama alikuwa ameketi mezani na miwani yake ya ualimu, akimfunga mwenzake kitambaa juu ya sweta zito la baridi.

"Mama," nikasema, "hiyo haitasoma vizuri. Mtoe sweta kwanza."

Hakuinua hata kichwa.

"Sista," akaniambia, "panga laini."